Watu Sita wa Kwenye Daftari

Jumatatu, 3 Machi

Shangazi yangu,

Sikumpigia simu mtu yeyote. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitazungukazunguka, mwisho niseme sote wazima, na lori la vitunguu litaondoka na barua isiyo na kitu. Wale watu sita ambao Baba alikusomea maneno yao, waliowahi kujengewa na wakandarasi wetu, sikuzungumza na hata mmoja. Niliwatunga. Hakuna mtu mwingine duniani anayelijua hili.

Nikueleze ilivyokuwa. Unajua Baba anataka nyumba ya Bibi iwe tayari kabla hujamrudisha, ili kiti chake cha magurudumu kipite kila mlango, na ukuta kati ya sebule na jiko uondolewe. Walikuja wakandarasi watatu kuiangalia. Kwa kuwa nimemaliza shule na sina shughuli, mimi ndiye niliyewapokea na kuwashikia ncha ya futi walipokuwa wakipima. Kila mmoja aliacha majina ya watu wawili aliowajengea, na namba zao. Baba akachora mistari kwenye daftari langu la zamani la jiografia, akaandika maswali matatu: Je, alimaliza kwa wakati? Je, kazi imesimama? Je, ungemwita tena? Akaniachia simu yake, akaenda zake ghalani.

Nilipiga namba ya kwanza. Akapokea mama mmoja. "Haloo? Haloo! Nani? Sema basi, au umepiga unisikilize nikipumua?" Nikakata. Jasho la mkono liliifanya simu iteleze ikaangukia kwenye beseni la nguo. Bahati sikuwa nimetia maji. Shangazi, unanijua. Darasani nilikuwa najua jibu, naliandika kwenye kiganja, halafu nangoja mwingine aliseme. Nilikaa na daftari lile mpaka saa nane mchana, ndipo nikachukua kalamu.

Kilichonitisha ni kwamba haikuwa kazi ngumu. Ilikuwa tamu. Mmoja nilimpa pacha, mmoja nikampa duka la viatu, mmoja nikampa paka. Baba aliposoma jioni alisema, "Hii ni kazi ya mtu mzima." Sijawahi kumsikia akiniambia hivyo.

Sasa ubaya wake. Wakandarasi wenyewe nimewapa majina ya moyoni. Wa kwanza ni Tabasamu. Viatu vyake vinang'aa, anaongea polepole, na ana picha za nyumba kwenye tableti. Moja ni ya chumba chenye pazia refu la maua ya manjano, nilitamani kukaa humo. Nilipomshikia futi aliniita "injinia". Wa pili ni Radi. Mzee, suruali yake ina saruji ya miaka na miaka, na anafoka. "SHIKA HAPO! HAPO WAPI? HAPO! NANI ALIJENGA UKUTA HUU?" Nikamtazama tu. Wa tatu ni Kesho, kwa sababu aliahidi mara tatu akaja mara moja. Basi watu wa Tabasamu nikawafanya wamsifu. Watu wa Radi nikawafanya waseme aliacha kazi nusu na kumfokea mwenye nyumba mpaka akalia. Baba akasoma, akampa Tabasamu mkono. Anaanza Jumatatu tarehe 24, na cha kwanza kuvunjwa ni ule ukuta.

Na bado sijamaliza. Radi ndiye pekee aliyepanda darini. Nilimshikia ngazi. Alishuka na utando wa buibui kichwani, akaugonga ule ukuta kwa vidole, akasema, "HUU UMEBEBA KITU!" Tabasamu hakutazama juu hata mara moja. Niliyaona yote mawili kwa macho yangu na sikuyaandika popote, kwa sababu daftari halikuwa na swali hilo.

Kitanda cha Bibi kitakaa hapo hapo chini. Nifanyeje? Tafadhali usimpigie Baba. Wala usitume ujumbe, maana simu ni yake.

Chiriku wako


Jumanne, 4 Machi

Chiriku, ndege wangu asiyelia,

Dereva anageuza baada ya saa moja, kwa hiyo naandika nimesimama hapa kwenye kaunta ya hosteli, wanafunzi wanadai funguo nami nawaambia matroni ana shughuli rasmi. Dereva anasema ana barua yako lakini iko chini ya magunia, ataifikia akishapakua. Sitaki kungoja, nina furaha ya kukupa.

Kaka yangu alinisomea daftari lako lote. Mwanangu! Nilikuwa na wasiwasi na hawa wakandarasi, maana wote huwa malaika mpaka siku ya kuanza kazi. Lakini yule mama mwenye paka alinimaliza. Kwamba mkandarasi alirudi bila kuitwa kurekebisha mlango kwa sababu ulikuwa unambana paka mkia! Nikasema, mtu anayeuhurumia mkia wa paka atamhurumia na mama yangu. Papo hapo nikampa baba yako idhini yangu. Na yule mzee mfokaji, Mungu katuepusha. Mwenzangu wa zamu ana nyumba huko kwenu, alikuwa amekwisha kumwita mzee huyo huyo amwezekee paa. Nimemweleza aliyoyasema yule mwenye duka la viatu, naye amemwambia mzee asije.

Bibi yako amefunga mizigo. Miezi mitano sasa hajakanyaga ardhi. Ngazi thelathini na mbili kutoka chumbani kwetu, Chiriku, na mimi mgongo wangu si wa kumbeba tena. Anakaa dirishani kutwa anahesabu watu waliovaa kofia. Redio ameitia kapuni, na amenikataza kuiwasha, eti isije ikazoea huku.

Ukoo wetu sasa una mkaguzi. Nani angejua!

Shangazi


Ijumaa, 7 Machi

Chiriku,

Wapakuaji waliikuta barua yako chini ya magunia nusu saa baada ya lori kuondoka na yangu. Nimeisoma mara tatu. Siku mbili sikutaka kuandika, maana ningeandika maneno ambayo lori lisingeweza kuyarudisha.

Kwa hiyo hakuna paka.

Nimecheka, usidhani sikucheka, kisha nikakumbuka kwamba nilimtolea mama yangu idhini kwa ajili ya mkia wa paka asiyekuwapo. Na nimemnyang'anya mzee wa watu paa lake. Mimi, kwa kinywa changu. Wewe uliandika, mimi nikabeba.

Bibi sikumsomea. Nilimuuliza tu, kama mtu anayepiga soga, ule ukuta wa jikoni una nini. Akasema bila hata kugeuka dirishani: "Mume wangu alikosa boriti ndefu. Akaunga mbili fupi, akazijengea ukuta chini ya kiungo. Nilimwambia angoje, hakungoja." Umesikia? Radi hakukosea. Paa lote la katikati limekalia ukuta huo.

Sikiliza sasa. Kusema huwezi, lakini una macho na miguu. Majina na namba za wale watu bado unayo. Tafuta wanakokaa, nenda ukaone kazi za hawa wanaume kwa macho yako. Kisha mwambie baba yako. Wewe, si mimi. Ningeweza kumpigia sasa hivi na ingeisha, lakini ungebaki na kiganja kilichoandikwa jibu mpaka uzeeni. Nakupa hadi Ijumaa tarehe 21. Ikipita, nitapiga, na nitapiga kwa sauti.

Shangazi


Alhamisi, 13 Machi

Shangazi,

Nimekwenda. Niliandika swali langu kwenye karatasi ili nisilazimike kulisema: "Samahani. Tunataka kumpa kazi mkandarasi aliyekujengea. Naomba nione kazi yake." Namba ya kwanza, ile niliyoikata, jina lake lilikuwa na neno "cherehani" pembeni, basi nikauliza duka la vitambaa wakanielekeza. Alinifungulia mama mnene mwenye pini mdomoni. Akaisoma karatasi, akanitazama, akaisoma tena, akatoa pini.

"Kumbe ni wewe uliyekuwa unapumua!" akasema. "Nami nikadhani ni mtalaka wangu."

Akanivuta ndani. Shangazi, nilikijua chumba kile kabla sijaingia. Ni kile cha kwenye tableti ya Tabasamu, chenye pazia la maua ya manjano. Nikawa natafuta dirisha. Mama akalivuta pazia: nyuma yake ni ukuta mtupu, na kwenye ukuta kuna ufa unaotoka darini unashuka kama njia ya mchwa. Anaupima kila mwisho wa mwezi kwa futi ya kushonea. Ameandika kwa chaki ya nguo: inchi hamsini na moja, hamsini na tano, sasa sitini. "Alikuja siku ya kwanza na siku ya picha," akasema. "Katikati waliletwa watu ambao kila siku ni wapya. Pazia alileta yeye. Akasema ni zawadi."

Kama ningesema neno moja tu siku ile kwenye simu, angeniambia haya yote. Alikuwa anangoja mtu wa kumwambia.

Kutoka hapo nikaenda kwa mtu wa Radi, mwokaji mikate. Alinionyesha jiko la nyuma na vidato vyake vitatu vya kupandia. Radi alikuwa amekwisha kuvijenga vyote, akaweka pima maji, akaona kimoja kimezidi kwa upana wa kidole. Akakivunja bila kuambiwa na mtu. "Ila kufoka anafoka," nikaandika chini ya karatasi. Mwokaji akacheka mpaka unga ukaruka. "Hafoki, binti. Masikio yameliwa na mashine ya kukatia zege. Anadhani sisi ndio hatusikii."

Nilirudi nyumbani kwa miguu na sikuhisi njia. Nilimwita mtu mkatili kwa sababu ya masikio yake.

Kwa Baba nimejaribu mara tatu. Mara ya kwanza kwenye chai nilisema, "Baba, kuhusu wakandarasi," akasema, "Ngoja niangalie tangi." Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu nilimfuata hadi kwenye tangi, akawa anatazama ndani kama anayesoma. Nikarudi. Maji yamejaa, Shangazi, hakuna kitu cha kuangalia humo.

Tabasamu alipita jana kuacha mifuko ya saruji sebuleni. Aliniuliza, "Injinia, tayari kwa vumbi?" Usingizi sina. Nikifumba macho naona kiungo cha zile boriti.

Chiriku


Jumamosi, 15 Machi

Chiriku,

Pole kwa miguu. Nimejivunia wewe na bado nimekukasirikia. Yote mawili yamekaa kiti kimoja, yanasukumana.

Kuhusu baba yako, nikwambie jambo. Alipokuwa kijana alinunua viatu vidogo kwa namba moja. Havikumwingia pale pale dukani, lakini muuzaji alikuwa amekwisha kuvifunga kwenye karatasi, na kaka yangu hakuweza kumwambia mtu mzima hapana. Alivivaa mwaka mzima. Mpaka leo kidole chake kidogo kimelala juu ya mwenzake. Mwangalie akivaa ndala. Na kazini walitaka kumpandisha awe msimamizi wa ghala zima, akakataa, akasema eti anapenda kuhesabu. Msimamizi ndiye huwa anawaambia watu hapana.

Sisemi zaidi. Wewe si wa kwanza nyumbani humo kumeza maneno. Kama mdomo haufunguki, mwandikie. Uliandika ukaharibu, andika utengeneze.

Na yule mzee mwandikie pia. Mimi nimekwisha kumwendea mwenzangu wa zamu nikamwambia kwamba maneno niliyomletea hayakuwa ya kweli. Aliniuliza nimeyatoa wapi. Nikasema nimeyatoa kwa mtu ninayempenda, na kwamba kosa ni langu kwa kuyapeleka. Hatuzungumzi vizuri tangu siku hiyo, lakini mzee amerudishiwa paa lake.

Bibi ananiuliza kila asubuhi, "Bado siku ngapi?" Nimwambie nini?

Shangazi


Jumatano, 19 Machi

Baba,

Nimeipitisha barua hii chini ya mlango wako kwa sababu mezani huwa unaondoka.

Watu sita wa kwenye daftari hawapo. Niliogopa kupiga simu, nikawatunga. Mabaya ya yule mzee mwenye sauti kubwa niliyatunga, na mazuri ya yule bwana wa tableti niliyatunga. Wiki iliyopita nilikwenda kwa watu wa kweli. Kazi ya yule bwana ina ufa wa inchi sitini, ameufunika kwa pazia. Kazi ya mzee imenyooka. Bibi anasema juu ya ukuta wa jikoni Babu aliunga boriti mbili, na ukuta ndio unaozishikilia. Yule bwana hakupanda kuangalia. Nilikuwapo.

Ukinipiga marufuku kushika daftari tena, ni haki yako. Lakini tafadhali ukuta usivunjwe Jumatatu.

Mwanao


(Nyuma ya karatasi hiyo hiyo, kwa penseli)

Mwanangu,

Nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa.

Chai iko kwenye chupa, imekolea. Daftari sikunyang'anyi.

Tatizo ni kwamba nilimpa mkono yule bwana, na mbele ya jirani. Ameleta saruji. Mtu akikuamini namna hiyo, unamwambiaje? Nimefikiri kutwa nzima kazini nikakosea kuhesabu majembe.

Nitamwambia. Akija Jumatatu nitamwambia mimi mwenyewe.

Baba


Ijumaa, 21 Machi

BINTI,

BARUA YAKO IMEFIKA. MKE WANGU AMENISOMEA MARA MBILI, YA PILI KARIBU NA SIKIO. NAANDIKA HERUFI KUBWA ILI TUSIKIE WOTE.

MIMI NILIDHANI WEWE NDIYE HUSIKII, MAANA NILIKUULIZA NANI ALIJENGA UKUTA UKANITAZAMA TU. NIKASEMA MASKINI, MTOTO MZURI NAMNA HII.

NIMEFANYA KAZI HII MIAKA THELATHINI NA MINANE. NIMEITWA MAJINA MENGI. KUITWA MWACHA KAZI NUSU KULINIUMA, MAANA NDILO JINA PEKEE AMBALO SINA. LAKINI WALIONIITA HIVYO HUWA HAWAANDIKI BARUA BAADAYE. WEWE UMEANDIKA. TUMEMALIZANA.

KAZI YENU NAITAKA. ILA SIKANYAGI NYUMBA AMBAYO MKANDARASI MWINGINE AMEPEWA MKONO. HIVYO NDIVYO TULIVYOFUNZWA. MWONDOENI KWANZA, WAZIWAZI, USO KWA USO. AKISHAONDOKA NIPIGIENI SIMU, NITAKUJA SIKU HIYO HIYO. SI BARUA. SIMU. BARUA INACHUKUA SIKU MBILI NA BORITI HAINGOJI.

MPAKA HAPO MSIEGEMEZE KITU KWENYE UKUTA HUO.

MKANDARASI


Jumanne, 25 Machi

Shangazi,

Asante kwa kutopiga Ijumaa, ulipopata kikaratasi changu kwamba Baba ameshajua. Najua Baba alikupigia jana jioni, na kwamba unajua Tabasamu ameondoka. Lakini nataka uwe nayo yote, maana nimechoka na vitu vya nusu nusu.

Tangu Jumamosi Baba alikuwa akijifunza maneno. Nilimsikia kule kwenye tangi: "Bwana, kwa heshima zote." Anafika hapo, anaanza upya. Jumapili alifunga koki kubwa ya tangi, maana tuliambiwa mabomba yawe makavu kabla ya kazi, na Baba akiambiwa kitu anakifanya hata kama kazi yenyewe haitakuwepo.

Walikuja jana saa moja na nusu asubuhi, Tabasamu na wanaume wanne wenye nyundo kubwa. Baba alikuwa amevaa shati la kazini, amefunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. Lango lilipogongwa alisimama. Akasema, "Wakaribishe, nanawa uso mara moja." Akaingia bafuni, akatia komeo.

Wakaingia. Wakatandika turubai sebuleni. Mmoja akatema mate viganjani, akashika nyundo.

"Injinia, mzee yuko wapi?" Tabasamu akauliza.

Nilitazama mlango wa bafuni. Nikahesabu mpaka ishirini. Komeo halikusogea. Yule wa nyundo akauegemea ukuta kwa bega, Shangazi, kwa bega lake zima, na nikasikia sauti.

"Ulipanda darini?"

Ilikuwa yangu. Ilitoka kama ya mtu aliye chumba cha pili.

"Nini?"

"Darini. Ulipanda kuangalia?"

Akacheka. "Injinia, mambo ya ukuta tuachie sisi. Nyumba kama hizi nimevunja mia."

"Boriti ni mbili. Zimeungwa hapo juu, ukuta ndio umeshika kiungo. Na lile pazia la maua ya manjano halina dirisha nyuma yake."

Hapo Tabasamu akapoteza tabasamu, akabaki na viatu tu. Yule wa nyundo akalitoa bega lake ukutani taratibu, akatazama juu, akasema, "Bosi, kwani sisi tuliangalia?"

"Baba yako aje aniambie mwenyewe," Tabasamu akasema. Sasa hakuwa anaongea polepole. "Sisi tulipeana mkono."

Basi nikanyoosha wangu. "Tuagane," nikasema. Mkono ulikuwa umelowa jasho kama siku ile ya simu, lakini sikuurudisha. Aliutazama muda mrefu. Wenzake walikuwa wameanza kukunja turubai bila kuambiwa. Mwisho akaushika kwa vidole viwili, akaacha, akatoka, na mifuko ya saruji ikamfuata nje mmoja mmoja.

Mlango wa bafuni ukafunguka.

"Wameondoka?" Baba akauliza.

"Wameondoka."

"Wote?"

"Wote."

"Vizuri," akasema, akawa anajipangusa uso kwa taulo, anajipangusa, anajipangusa. Kisha akanipa simu. "Yule mzee mpigie wewe. Mimi naangalia tangi."

Nikapiga. "HALOO!"

"Mzee, shikamoo, ni mimi."

"NANI? SISIKII! ONGEZA SAUTI!"

Nikaongeza. Haikutosha. Nikatoka uani, nikafumba macho, nikapiga kelele ambazo sijawahi kupiga tangu nizaliwe: "NI YULE BINTI! AMEONDOKA! MZEE! AMEONDOKA! NJOO!" Jirani akachungulia juu ya uzio kuuliza nani amefariki. Kuku wake walikimbia. Na kwenye simu nikasikia, "AAA! SASA NDIYO UNAONGEA!"

Alifika kabla ya adhuhuri. Hakuugusa ukuta. Alisimamisha nguzo nne za mbao kutoka sakafuni mpaka kwenye boriti, akazikaza kwa kabari, akaning'iniza timazi, ile kamba yenye uzito, akakaa chini akaitazama ikitulia. Anasema ukuta utatoka wiki ijayo, tofali moja moja, baada ya kuweka boriti ya chuma. Mwambie Bibi wiki tano. Mwambie pia mzee amesema Babu alikuwa na haraka lakini kiungo alikifunga vizuri, misumari ya pande zote mbili. Aliniambia nishike futi. "SHIKA HAPO!" "NIMESHIKA!" Baba alitusikia kutoka nje, akadhani tunagombana.

Sasa lile nililotaka kukuambia hasa.

Jana jioni Baba alipokupigia, nilikuwa jikoni namimina chai. Nilimsikia akisema, "Niliwaambia pale pale sebuleni. Nikamwambia, bwana, kwa heshima zote, kazi hii basi. Wakakunja turubai lao." Nawe ukacheka mpaka nikakusikia huku jikoni, ukasema, "Kaka, kumbe umevivua vile viatu!" Aliposikia hivyo aliinua kichwa. Alisimama akiongea nawe, Shangazi, hakukaa, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye sijakutana naye bado. Kikombe kilijaa kikamwagika, nikaendelea kumimina.

Bafuni hakukuwa na tone la maji. Koki aliifunga yeye mwenyewe Jumapili. Lile taulo alilojipangusia nililishika baadaye, lilikuwa kavu kama karatasi. Nililianika kambani hata hivyo, nikalinyoosha vizuri upande wa jirani.

Wale sita niliwatunga mimi na nimewalipia. Lakini yule baba aliyesimama sebuleni akasema basi, huyo kamtunga mwenyewe, na nadhani anaanza kumzoea. Leo asubuhi alimwambia muuza maziwa kwamba ya jana yalikuwa na maji. Alimwambia usoni. Kisha akaja haraka jikoni, akanywa bilauri mbili za maji.

Kwa hiyo naomba jambo moja tu. Mtakapokuja, akikusimulia tena yaliyotokea, mshangilie kama unasikia kwa mara ya kwanza. Usinitazame. Bibi naye asijue, maana Bibi hajui kunyamaza. Barua hii ukishaisoma ichane, vipande uvitie kwenye gunia la maganda ya vitunguu. Habari ya taulo ibaki kwako na kwangu, Shangazi, na isitoke hapo kamwe.

Chiriku wako